Umeteuliwa kuwa mwalimu mkuu? Mwongozo kamili wa mwaka wako wa kwanza kwenye shule ya msingi ya serikali

Barua ya uteuzi ikishatoka simu hazikatiki, hongera mwalimu, hongera sana, na kabla wiki haijaisha unajikuta una funguo za ofisi, muhuri, na watoto mia nane wamesimama mstarini wanakuangalia wewe. Hakuna aliyekukalisha chini akakwambia Jumatatu unaanza na nini. Mimi nilipokabidhiwa shule yangu ya kwanza nilikuwa nimefundisha miaka kumi na moja, nikaamini kwa kuwa darasani niko vizuri basi na kuongoza nitaweza tu, nikamaliza karibu mwaka mzima nakimbizana na taarifa na vikao vya halmashauri huku darasa la pili hawajui kusoma na mimi mwenyewe sijui kama hawajui. Hilo linaniuma mpaka leo, maana wale watoto mwaka wao haukurudi.

Naongelea Tanzania Bara, shule ya msingi ya serikali. Ukiwa mkuu wa shule ya sekondari mengi yatakufaa, ila wewe una bodi badala ya kamati na viwango vya pesa ni tofauti. Ukipata nafasi ya kozi ya uongozi pale ADEM Bagamoyo, ule wakala wa serikali unaofundisha uongozi wa elimu, au matawi yao ya Mbeya na Mwanza, nenda. Ila wengi tunaanza kazi kabla ya kozi, kwa hiyo soma hapa kwanza.

Hatua ya 1: Makabidhiano, usisaini kitu ambacho hujakiona kwa macho

Mtangulizi wako anaweza kuwa na haraka ya kuhama, au amekasirika, au ni rafiki yako wa miaka mingi. Yote hayo yasikufanye usaini karatasi ya makabidhiano ukiwa umekaa kwenye kiti. Nyanyuka, chukua mwalimu wa taaluma na mjumbe mmoja wa kamati ya shule, muanze kuhesabu: vitabu kwa darasa na kwa somo, madawati mazima na mabovu, viti na meza za walimu, mipira, vifaa vya stoo, kompyuta kama ipo na kama inawaka. Panapoandikwa vitabu 120 na umevikuta 74 andika 74, halafu wote wawili msaini hapo hapo.

Kwenye pesa, omba taarifa ya benki ya miezi 12, stakabadhi za malipo, na orodha ya madeni. Madeni ndio watu wanasahau. Wiki ya tatu anakuja mzee mwenye duka la vifaa anakwambia mwalimu, shule yenu ina deni langu la simenti, na wewe huna hata karatasi ya kujua kama ni kweli.

Halafu mipaka. Naomba usiruke hili. Tembea na mwenyekiti wa kijiji au mtaa, mzunguke eneo lote la shule mpaka mjue jiwe la mwisho liko wapi. Maeneo mengi ya shule yameliwa taratibu, mtu anapanda migomba mistari miwili mwaka huu, mwakani anaweka uzio, mwaka wa tatu anajenga choo. Kama shule haina hati, andika barua kwa mkurugenzi ndani ya mwezi wa kwanza na nakala ubaki nayo, na wakati unasubiri panda miti ya mpaka watoto wakiwepo na wazee wa kijiji wakiwepo.

Hatua ya 2: Ingia darasani kabla hujabadilisha chochote

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio moyo wa mwongozo wote.

Wiki mbili za mwanzo usitangaze mabadiliko. Chukua daftari na kiti, kaa nyuma ya darasa, angalau vipindi viwili kila siku, madarasa yote mpaka ya awali. Waambie walimu mapema kikaoni kwamba hukagui mtu, unaijua shule. Usiandike makosa ya mwalimu, andika watoto wanafanya nini: wangapi wameshika kalamu, wangapi wana kitabu, nani anajibu na nani hajawahi kuulizwa, kipindi kimeanza saa ngapi kweli. Kila kipindi cha dakika 40 kikichelewa kuanza dakika 10, na siku ina vipindi nane, umepoteza dakika 80, yaani vipindi viwili kila siku ya Mungu, na hakuna taarifa yoyote itakayokuonyesha hilo kwa sababu kwenye ratiba vyote vipo.

Wiki ya pili pima kusoma mwenyewe, na usimwachie mwalimu wa darasa achague watoto maana atakuletea wale wazuri. Shika daftari la mahudhurio, chukua kila jina la tano, darasa la pili mpaka la nne. Andika kwenye karatasi moja herufi kumi, silabi kumi, maneno kumi, sentensi mbili, na hadithi fupi ya mistari mitano yenye maswali mawili. Kila mtoto peke yake, chini ya mti au kwenye kona ya ofisi, anasoma mpaka pale anapokwama, unaandika herufi, silabi, neno, sentensi au hadithi, basi. Mtoto mmoja ni dakika tatu nne. Kuhesabu fanya vilevile, kujumlisha na kutoa kwa namba za tarakimu mbili.

Kuna mtoto wa darasa la tatu aliletwa kwangu akiwa na kitabu chake mwenyewe, akafungua ukurasa na kuanza kusoma, sauti nzuri, anapumua kwenye nukta, mimi nikafurahi. Nikaweka kidole kwenye neno moja katikati ya ukurasa, nikamwambia, baba, nisomee hili hapa tu. Akanyamaza. Akaangalia kidole changu, akaangalia juu ya ukurasa, kisha akaanza upya kutoka mstari wa kwanza kwa sauti ileile nzuri mpaka akafika kwenye kidole, akasema neno lile. Alikuwa amekariri kitabu kizima kwa kusikiliza wenzake. Mwalimu wake alikuwa hajui, na ni mwalimu mwenye bidii kabisa, ila ana watoto zaidi ya mia kwenye chumba kimoja na wanasoma kwa pamoja kila siku, atamsikia saa ngapi mmoja mmoja?

Ukishapata matokeo yako, usiyapeleke popote kwanza. Kaa na walimu wa madarasa ya chini, gawa watoto kwa kiwango walichofikia na sio kwa darasa, mpange dakika 40 kila siku kwa siku nne za wiki ambapo walimu wote mpaka wewe mnachukua kundi. Wa herufi na herufi, wa maneno na maneno. Chukua wewe kundi la chini kabisa, lile ambalo hakuna anayelitaka, maana walimu wakikuona umekaa chini na watoto wa herufi hutahitaji kuhimiza mtu. Kila baada ya wiki sita pima tena kwa karatasi nyingine, hamisha waliopanda.

Hatua ya 3: Walimu wako na mtaala mpya

Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, kisha ukawa unapanda na watoto. Maana yake shuleni kwako mitaala miwili inatembea kwa pamoja kwa miaka kadhaa, na mwalimu mmoja anaweza kufundisha darasa la mtaala mpya asubuhi na la zamani mchana. Usishangae akichanganya. Kazi yako ni kuhakikisha kila mwalimu ana muhtasari sahihi wa somo lake, iwe karatasi au kwenye simu kutoka maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), na ubandike ofisi ya walimu jedwali linaloonyesha darasa gani liko mtaala gani.

Mambo mapya walimu hawayashiki kwa semina ya siku moja. Tumia MEWAKA, ile ya mafunzo endelevu ya walimu kazini, kwa uhakika wake. Jumuiya ya ujifunzaji ya shule ikutane siku moja isiyobadilika, mimi niliweka Jumatano baada ya vipindi, saa moja tu, na kila kikao kina mada moja ndogo ambayo mwalimu mmoja anaionyesha kwa vitendo mbele ya wenzake. Mfano jinsi ya kufundisha kutoa kwa kukopa ukitumia vizibo vya soda. Wiki inayofuata wanasema walijaribu nini na kilikwama wapi. Wewe usiwe mwenyekiti wa kila kikao, kaa usikilize.

Kuhusu akili mnemba, walimu vijana wameshaanza kuandaa andalio la somo kwa ChatGPT na vitu kama hivyo, wengine kwa kificho wakidhani ni kosa. Mimi nasema waruhusu wazi ila weka masharti mawili: andalio lilinganishwe na muhtasari wa TET maana hizo programu zinakuletea mifano ya theluji na treni za chini ya ardhi kwa mtoto wa Singida, na mwalimu aweze kueleza kila mstari bila kuangalia simu. Muda aliookoa kuandika autumie kusahihisha madaftari.

Na ugomvi wa stafu usiusikilize kwa mmoja. Mwalimu anayekuja kila asubuhi kukuambia habari za wenzake msikilize kwa heshima, halafu uende ukaone mwenyewe.

Hatua ya 4: Pesa ziwe ubaoni

Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, ruzuku ya shule ya msingi imehesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 4,000 zikibaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 zikishuka akaunti ya shule. Fanya hesabu yako mapema: watoto 800 mara 6,000 ni 4,800,000 kwa mwaka, sawa na 400,000 kwa mwezi, kwa chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo na mengine. Ndio hiyo. Ukishaijua namba hiyo utaacha kuahidi vitu mstarini.

Kila fedha ikiingia, siku hiyohiyo waambie kamati na walimu. Chukua manila, andika zimeingia ngapi, zimetumika kwa nini, zimebaki ngapi, bandika nje ya ofisi mahali mzazi anaweza kusoma bila kuomba ruhusa. Matumizi fuata mchanganuo wa waraka wa serikali unaohusu ruzuku, yapite kikao cha kamati, muhtasari uandikwe kabla ya manunuzi na sio baada. Manunuzi yanapita NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali, na hesabu zinaingia kwenye mfumo wa fedha, kwa hiyo kama hujui jifunze mwenyewe, usimwachie mwalimu mmoja wa TEHAMA ashike kila kitu na nywila yako. Na usisaini karatasi ya malipo ikiwa tupu hata kama anayekuomba ni mkubwa wako.

Michango ya wazazi ni ya hiari, ipite kwenye kamati na serikali ya kijiji na ipate kibali, na mwalimu asiguse hiyo pesa kwa mkono wake. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango, hata siku moja, hata kama kamati yote imekasirika.

Hatua ya 5: Mifumo isikule siku nzima

PReM ya kumbukumbu za wanafunzi, SIS ya taarifa za shule, PEPMIS ya utendaji kazi wa watumishi, NeST, mfumo wa fedha, halafu grupu la WhatsApp la wakuu wa shule wa kata, la wilaya, la mitihani, la chanjo. Kila moja linataka taarifa leo kabla ya saa sita. Nilichofanya mimi ni kuweka faili moja la takwimu, idadi ya watoto kwa darasa na jinsia, wenye mahitaji maalumu, walimu, vyumba, matundu ya vyoo, madawati, nikalihuisha kila Ijumaa jioni. Taarifa ikiombwa nanakili tu, dakika kumi imeisha. Kuingiza kwenye mifumo nikaweka Jumanne na Alhamisi baada ya saa nane, asubuhi yote ni ya madarasa.

PReM ipe uzito wa pekee. Mtoto akiandikishwa darasa la kwanza hakiki jina na tarehe kwa cheti cha kuzaliwa, mwite mzazi asome kwa sauti na asaini. Jina likikosewa hapo linatembea mpaka kwenye mtihani wa darasa la saba na cheti cha kidato cha nne, na kulirekebisha huko mbele mzazi anahangaika sana. Uhamisho wa mtoto pia maliza kwenye mfumo siku anapoondoka.

Hatua ya 6: Wazazi, uji, na grupu

Mtoto mwenye njaa saa tano haandiki. Shule isiyo na chakula anzia kwenye uji, na usianze kwa kuitisha mkutano mkubwa, anza na kamati na kina mama watano sita wenye watoto madarasa ya chini. Wapige hesabu wao wenyewe: mahindi, sukari, kuni, mpishi, ungo na sufuria. Kijiji cha wakulima lipeni kwa debe wakati wa mavuno, maana mwezi wa pili hakuna mzazi mwenye hela ila mwezi wa saba ghala zimejaa. Mtunza stoo awe mzazi na sio mwalimu, kuwe na daftari la kutoa na kuingiza, ufunguo mmoja kwake na mwingine kwa mwenyekiti wa kamati. Watoto ambao kwao hawajatoa wale pia, hilo mlikubaliane mapema na wazazi ili lisiwe ugomvi baadaye. Sehemu nyingi likishaelezwa vizuri watu wanaelewa, nimeona bibi mmoja anayelea wajukuu watatu akiletewa debe lake na majirani bila kuombwa na shule.

Grupu la WhatsApp la wazazi ni zuri kwa matangazo ila kumbuka wengi hawana simu janja wala bando, kwa hiyo kila tangazo liende pia kwa barua, kwa wenyeviti wa vitongoji, na msikitini na kanisani. Kwenye grupu usiweke matokeo ya mtoto kwa jina, wala picha ya mtoto aliyeadhibiwa au anayeumwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria fikiria mama anayeona jina la mwanae la mwisho mbele ya kijiji kizima. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora mwaka 2023. Mpe mzazi ripoti yake mkononi, mwonyeshe daftari la mtoto, mwambie kitu kimoja cha kufanya nyumbani.

Hatua ya 7: Usalama wa mtoto

Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, na viandikwe kwenye kitabu. Msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo. Kwa hiyo kila fimbo inayopigwa shuleni kwako bila wewe kujua ni kosa lililo chini ya jina lako. Mimi nilikusanya fimbo zote siku ya kwanza ya muhula nikaziweka ofisini kwangu, nikasema anayetaka aje aniambie kosa na tujaze kitabu. Wengi wakiwa njiani kuja ofisini hasira inapungua, wanaishia kuzungumza na mtoto.

Chagua walimu wawili wa ushauri nasaha, wa kike na wa kiume, ambao watoto wenyewe wanawaamini, waulize watoto kwa karatasi zisizo na majina. Weka sanduku la maoni, lifunguliwe kila wiki na watu watatu. Andika namba 116 ya kumsaidia mtoto ukutani kwa rangi, pamoja na ya dawati la jinsia la polisi wa karibu. Ukisikia jambo la ukatili usilimalize kwa kikao cha familia na mbuzi, liripoti siku hiyohiyo. Na binti aliyeacha shule kwa ujauzito ana haki ya kurudi tangu Novemba 2021, kwa hiyo mfuate nyumbani, mtoto wake akishakuwa na mtu wa kumwangalia, ongea na mama yake, mtafutie darasa ambalo mwalimu wake hatamsema.

Vyoo pia viko hapa. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Hesabu, upungufu uandike, na chumba kimoja chenye maji na mlango unaofungwa kiwe cha wasichana wakubwa.

Hatua ya 8: Jiandae na 2027

Kwa mtaala mpya elimu ya msingi ni miaka sita. Walioanza nao darasa la tatu mwaka 2024 wanamaliza la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao wenzao wa mtaala wa zamani wanamaliza la saba. Madarasa mawili yanatoka kwa pamoja na Januari 2028 yanaingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Wewe wa msingi ongea sasa hivi na mkuu wa sekondari ya kata yako, mpelekee idadi yako ya darasa kwa darasa, kaeni na afisa elimu kata na diwani mjue vyumba na madawati yatapungua mangapi. Waelezee na wazazi mapema, kuna wanaodhani wa la sita wanarushwa darasa, na kuna watakaokuwa na watoto wawili wanaoenda sekondari siku moja, wanahitaji muda wa kuweka akiba ya sare na madaftari.

Na faili la mwisho

Siku ya kwanza ofisini fungua faili, juu yake andika Makabidhiano. Kila ukiweka jambo jipya tia nakala humo: orodha ya mali, ramani ya mipaka, matokeo ya kusoma ya kila wiki sita, mkataba wa chakula, madeni, watoto ambao nyumbani kwao kuna shida na mtu anayetakiwa kuendelea kuwaangalia. Uhamisho ukija unakuja ghafla, mimi nilipewa siku kumi na nne. Nilimwachia mwenzangu faili, nikamchukua tukakaa nyuma ya darasa la tatu kipindi kimoja, nikamwonyesha kwa kidole wale waliobaki kwenye kundi la maneno.